Miezi minane na nusu bado anasagiwa kila kitu: nitajuaje yuko tayari kwa vya kuponda?

Mama Nuru

Habari za humu wapendwa. Naomba ushauri wa wanaojua.

Mtoto wa kike, miezi 8 na wiki 2, kilo 8.1, kwenye kadi ya kliniki mstari wake unapanda vizuri. Bado ananyonya. Anakula mara tatu kwa siku: asubuhi uji, mchana viazi au ndizi na karoti na nyama, jioni parachichi au papai. Cha mchana nakisaga kwa blenda na kukichuja, kinakuwa laini kama mtindi, na anamaliza bakuli.

Wiki hii nimejaribu kuacha blenda. Nimeponda kwa uma, nikaongeza mchuzi ili kiteleze. Kijiko cha pili tu anafanya kama anataka kutapika, macho yanajaa machozi, anatema. Nikirudisha cha kusaga, anakula kama kawaida.

Meno anayo mawili ya chini. Anakaa mwenyewe, ananyang'anya kijiko, anaokota makombo sakafuni. Mama mkwe anasema nisimsumbue, nisubiri magego. Jirani anasema nimpe ugali na mchuzi atazoea tu. Nani yuko sahihi? Na nitajuaje kama anakabwa kweli au ni usumbufu?

Afisa Lishe Moro

Mama Nuru, kwa maelezo yako mtoto yuko tayari. Wote wawili hawajapatia, ila mama mkwe amekosea zaidi.

Suala la meno liweke kando kabisa. Magego ya kwanza hutoka kati ya mwezi wa 13 na wa 19. Ukiyasubiri, utakuwa umemlisha vya kusaga karibu mwaka mzima. Meno ya mbele kazi yake ni kukata, wanaoponda ni fizi na ulimi, na fizi za mtoto wa umri huo zinaponda kiazi kilichoiva bila taabu. Weka kidole chako kisafi ang'ate, utaelewa.

Cha kuangalia ni mdomo na mikono. Ukimpa kijiko, je, mdomo wa juu unashuka kukifuta, au ni wewe unayekipangusia kwenye fizi? Taya linapanda na kushuka akiwa na kitu mdomoni? Ukiweka chakula kidogo upande wa shavu, ulimi unakifuata huko, au unasukuma kila kitu nje? Kichwa hakiyumbi akikaa? Anaokota kitu na kukifikisha mdomoni? Kukaa na kuokota umeshasema anaweza. Hayo mengine mtazame leo mchana.

Ulimi kwenda pembeni ndilo jambo kubwa kuliko yote. Huo ndio unaobeba tonge hadi kwenye fizi likapondwe, kisha unalikusanya kabla ya kumeza. Chakula cha kusagwa hakimfundishi hilo, kwa sababu kinamezwa kama maziwa, kutoka mbele moja kwa moja nyuma. Ndiyo maana mtoto anaweza kumaliza bakuli zima la vya kusaga na bado asijue la kufanya na kipande kimoja cha ndizi.

Kuhusu kutaka kutapika: kwa mtoto mdogo, sehemu ya ulimi inayoamsha hali hiyo iko mbele zaidi kuliko kwa mtu mzima. Ni ulinzi wake. Kadiri anavyozoea vitu vyenye umbo mdomoni, ndivyo sehemu hiyo inavyorudi nyuma. Kwa hiyo kijiko cha pili kumtoa machozi si ushahidi kwamba hajawa tayari, ni ushahidi kwamba hajazoea.

Kosa la wiki hii nadhani nimeliona: ule mchuzi. Mabonge ndani ya kitu chepesi ndicho chakula kigumu kuliko vyote kwa anayeanza. Mchuzi unakimbilia kooni, yeye anaumeza kama alivyozoea, halafu anakuta bonge limefuatana nao wakati hajajiandaa. Supu yenye vipande, uji mwepesi wenye mabonge, maziwa yenye mkate uliolowa, vyote ni vya baadaye. Bonge la kwanza linatakiwa lishikwe na kitu kizito, ulimi wake ukutane na kitu kimoja kinachosogea polepole. Kipimo: chota kijiko, kiinamishe. Kikidondoka chote kwa mpigo kama kibonge laini, ni sawa. Kikichuruzika, ni chepesi mno.

Namna ya kupanda, kila hatua siku 3 hadi 4, na ni kwa mlo wa mchana tu:

Kwanza acha kuchuja na punguza maji. Chakula kile kile kisage kwa kubonyeza blenda na kuachia mara tano au sita badala ya kuiacha izunguke dakika nzima. Kitabaki na punjepunje za kama semolina.

Halafu changanya: vijiko vitatu vya hicho kizito na kijiko kimoja cha kilichopondwa kwa uma. Akikubali, nusu kwa nusu. Mwisho blenda irudi kabatini na uponde vyote kwa uma, mabonge yasizidi punje ya wali ulioiva. Kipimo cha ulaini ni vidole viwili: bonge likibonyezwa kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada lisambaratike. Lisiposambaratika, rudisha jikoni.

Vijiko vitano vya kwanza viwe vya hatua mpya, vinavyobaki vya alichozoea. Watu wengi hufanya kinyume: wanamshibisha kwanza kwa laini, halafu wanajaribu kigumu wakati hana tena hamu. Na asiwe na njaa kali, maana mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza. Ikipita kama saa moja tangu anyonye, ni wakati mzuri. Akikataa kitu leo, kirudishe kesho kutwa. Mara nane au kumi kabla ya kukubali ladha au umbo jipya ni jambo la kawaida.

Kwa nini nisikwambie usubiri tu? Uingereza kuna utafiti uliofuatilia maelfu ya watoto wa eneo la Bristol waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walioanza vyakula vyenye mabonge wakiwa wamechelewa, kuanzia mwezi wa 9 au 10, walikuwa wasumbufu zaidi wa kula walipofika miezi 15, na tofauti ilionekana hata walipofika miaka 7, hasa kwenye mboga na matunda. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikosababisha. Huenda baadhi walicheleweshwa kwa sababu walikuwa wagumu tangu mwanzo. Lakini mimi nikipima, kuanza sasa hakukugharimu chochote. Siku ya chanjo ya surua ya miezi 9 unaenda kliniki hata hivyo. Ifikapo siku hiyo awe anakula vya kuponda, na siku hiyo mwombe mhudumu akutazamie.

Mwiko Mrefu

Afisa kamaliza nadharia, ngoja niingie jikoni, maana "ponda kwa uma" si kila chakula kinapondeka.

Viazi lishe (vile vya rangi ya chungwa): chemsha na maganda yake, kama dakika 25, menya vikiwa vya moto, ponda na maziwa ya mama vijiko viwili. Hiki ndicho chakula rahisi kuanzia kwa sababu hakina nyuzi nyingi na kinashikana. Kiazi mviringo usikisage kwa blenda hata siku moja, kinakuwa gundi na kumkaa kwenye kaakaa. Uma au mwiko vinatosha.

Ndizi za kupika: ziive mpaka uma uzame wenyewe. Mtori ni mzuri ila uwe mzito wa kusimama, na nyama yake usiiache vipande.

Nyama ndiyo inayokwamisha wengi. Mtoto hana magego, nyama ya steki hata ukatekate vipi inabaki nyuzi, anaitafuna nusu saa kisha anaitema kama tambi iliyokaushwa. Ichemshe mpaka iachane yenyewe, kisha itwange kwenye kinu au isage kavu kwa blenda, halafu uichanganye kwenye kiazi kilichopondwa. Hapo blenda ina kazi yake halali. Maini ni rahisi zaidi: chemsha yaive mpaka ndani, parua kwa kiparuzio cha karoti, kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli. Mara moja kwa wiki yanatosha kwa sababu yana vitamini A nyingi mno, lakini usiyaache, madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanapungua kuanzia miezi 6 na maziwa ya mama hayaleti ya kutosha.

Mchicha na matembele: toa mashina, katakata vidogo sana KABLA ya kupika, si baada. Jani refu lililolainika linajikunja na kulala kooni, nusu ndani nusu nje, hapo ndipo utaona mtoto anahangaika na wewe unahangaika.

Maharage: siku za mwanzo yapitishe kwenye chujio kubaki na maganda juu. Baada ya wiki mbili ponda na maganda yake. Njegere na choroko vivyo hivyo. Punje nzima ya njegere usimwachie mdomoni, ni ya mviringo na inateleza.

Wali: kikombe kimoja cha mchele kwa vikombe vinne vya maji, uive mpaka ulegee, ponda nusu yake na nusu iache. Hiyo inakupa mabonge yanayofanana, ambayo blenda haiwezi kukupa.

Ugali wa jirani sasa. Haukatazwi, ila tonge gumu la ugali linalowekwa mdomoni zima ni hatari, linashikana na kupanuka. Songa laini, bana tonge dogo kati ya vidole mpaka liwe bapa, lichanganye na maharage au mlenda. Tonge kavu na mchuzi pembeni ndio ule mchanganyiko ambao Afisa kausema.

Sufuria moja inatosha kwa nyumba nzima. Toa chakula cha mtoto kabla ya chumvi, pilipili na kiungo cha pakiti. Kama huna friji, pika kila mlo. Kilichokaa nje zaidi ya saa mbili kwa joto la Dar si chake tena.

Pwani Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu bokoboko ndilo daraja. Ngano na nyama vimepigwa pamoja mpaka havijulikani, kuna punje kidogo, kuna uzito, hakuna maji yanayokimbia. Mtoto aliyekataa kila cha kuponda hulikubali. Ila lipikwe bila chumvi na samli ipunguzwe.

Samaki: changu na tasi wana miiba midogo, usiamini macho. Pitisha kila kipande kwa vidole viwili, halafu mara ya pili mbele ya mwanga. Mwenye miiba mikubwa iliyo rahisi kuonekana, kama nguru, ndiye mwepesi kwa kuanzia. Omena (nyie mwawaita dagaa) toeni vichwa, kwani vinachoma, kisha wakaangwe bila mafuta na wasagwe unga kabisa.

Kwa Wakenya wanaosoma: kile kijitabu cha mama na mtoto cha kliniki kina ukurasa wa ulishaji kwa umri, kisomeni, si cha chanjo tu.

Mzee wa Kibarazani

Nyinyi vijana mnajitesa na mablenda. Bibi zetu walitafuna wenyewe wakamtia mtoto mdomoni, na watoto walikua. Hiyo ndiyo blenda ya asili.

Nesi Zamu ya Usiku

Shikamoo mzee. Watoto walikua, ndiyo, na wengine hawakukua, hao hawapo kusimulia. Kumtafunia mtoto kuachwe. Mate yanapeleka bakteria wa kutoboa meno, na imethibitika kuwa virusi vya UKIMWI vinaweza kupita njia hiyo pale anayetafuna ana maambukizi na fizi zinatoka damu. Bibi, dada wa kazi, mama, wote hali ni ile ile. Uma unauzwa kila duka.

Sasa Mama Nuru, swali lako la kukabwa limerukwa na ndilo la kwanza.

Anayetaka kutapika anapiga kelele. Anakohoa, anakuwa mwekundu au uso unaiva, ulimi uko nje, machozi. Hewa inapita, kwa hiyo mwache amalize mwenyewe. Usimpige mgongo, usimtie kidole mdomoni, usimwinue ghafla kwa hofu, maana utakisukuma ndani. Wewe kaa, tabasamu hata kama moyo unadunda, naye atajifunza kuwa hakuna msiba.

Anayekabwa ananyamaza. Mdomo wazi, hakuna sauti, hakuna kikohozi chenye nguvu, midomo inaanza kuwa ya bluu au ya kijivu. Hapo usisubiri. Kwa mtoto chini ya mwaka: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini kuliko kifua, shika taya lake bila kuziba koo. Piga mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Havijatoka? Mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, bonyeza mara 5 kwa kina cha theluthi moja ya kifua. Rudia, mgongo 5, kifua 5, huku mwingine anatafuta usafiri. Tumbo usilibane kwa mtoto wa umri huu, unaweza kuumiza ini. Kidole usiingize kama hukioni kitu. Akizimia, anza kumpa pumzi na kubonyeza kifua, kuelekea hospitali. Dada anayebaki naye mchana afundishwe hili kabla ya kufundishwa kupika.

Visivyofaa hata kama anatafuna vizuri: karanga nzima (mpaka miaka 5), bisi, mahindi ya kuchoma, pipi, zabibu nzima, karoti na tofaa mbichi vya vipande, muwa, soseji iliyokatwa mviringo. Na asali isionje kabla ya mwaka, kuna bakteria wanaoweza kumlegeza misuli hadi pumzi. Karanga iliyosagwa na yai vinaruhusiwa na havina haja ya kucheleweshwa, lakini siagi ya karanga isiwe kijiko kizima, inaganda kwenye kaakaa. Itengeneze nyepesi kwa maji ya moto kisha uichanganye. Yai liive kabisa. Mara ya kwanza toa asubuhi, nusu kijiko cha chai, usikilizie saa mbili kama kuna vipele au kuvimba midomo.

Na chakula kisipewe mtoto aliyelazwa, anayecheka, anayetambaa, wala akiwa kwenye bajaji. Akae wima, mtu mzima mbele yake.

Mama Nuru

Asanteni sana. Leo mchana nimepika viazi lishe vizito bila mchuzi, kavila vijiko saba, kafanya uso mara moja tu. Nesi, shikamoo mzee nayo imenichekesha.

Maswali mawili. La kwanza, uji. Nanunua unga wa lishe sokoni wenye nafaka saba na soya na dagaa na karanga, anakunywa kwenye chupa, nimetanua tundu la chuchu kwa sindano ya moto. Nao niuache uwe mzito? La pili, vipande vya kushika mwenyewe, nianze lini?

Afisa Lishe Moro

Chupa iache leo. Uji ukipita kwenye tundu la chuchu, lazima uwe mwepesi, na uji mwepesi ni maji yenye rangi ya unga. Tumbo lake ni dogo, kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kwako si zaidi ya kikombe kimoja cha chai kwa mlo. Ukilijaza maji, hakuna nafasi ya chakula. Pia chuchu iliyotobolewa haisafishiki, na mtoto anaendelea kunyonya badala ya kula. Kikombe cha wazi au kijiko.

Ukitaka uji uwe na nguvu bila kuwa mgumu kumeza, pika mzito kabisa, uache upoe kidogo mpaka uweze kuonja, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa kimea (uwele au mtama ulioota, ukaondolewa vichipukizi, ukakaushwa na kusagwa). Kitalegea ndani ya dakika kumi. Kisha rudisha jikoni uchemke tena dakika chache, usiruke hatua hiyo. Vichipukizi vya mtama ndivyo vyenye sumu, ndiyo maana vinaondolewa. Bila kimea, kijiko cha chai cha mafuta kwenye bakuli kinaongeza kama kalori 40. Huo uji ubaki mlo mmoja tu wa siku, haumfundishi kutafuna.

Unga wa nafaka saba mimi siupendi. Kila nafaka inaiva kwa muda wake, soya isiyokaangwa au kuchemshwa vizuri ina kizuizi cha kuyeyusha protini, dagaa na karanga vinachacha ndani ya unga, na mtoto akiharisha hujui kilichomdhuru. Halafu kuna sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu Dodoma na Manyara, na kwenye unga uliokwisha kusagwa huwezi kuona kwa macho kama karanga au mahindi yaliota ukungu. Nafaka moja au mbili, chagua punje mwenyewe, saga kidogo. Protini iingie kwenye sufuria siku hiyo hiyo.

Mgawanyo: mpaka miezi 9, milo 2 hadi 3, kila mmoja ukifika nusu kikombe cha mililita 250. Kuanzia miezi 9, milo 3 hadi 4 na asusa 1 au 2. Kwenye siku moja yahesabu makundi: maziwa ya mama, nafaka au mizizi, kunde, maziwa mengine, nyama au samaki, mayai, mboga na matunda ya rangi ya njano au kijani, na mboga na matunda mengine. Akipata matano kati ya hayo manane, umefanya vyema.

Mwiko Mrefu

La vipande: leo hii. Papai lililoiva, ndizi mbivu, parachichi, boga na viazi lishe vilivyochemshwa. Kata urefu na unene wa kidole cha mtu mzima, ili kitoke nje ya ngumi yake, maana bado anashika kwa kiganja. Parachichi likimteleza, libiringishe kwenye unga wa nazi. Akianza kubana kitu kwa kidole gumba na cha shahada (mara nyingi karibu na miezi 9 au 10), ndipo ukate vidogo, ukubwa wa harage lililoiva. Watu huanza na vidogo, mtoto hawezi kuvishika, wanamwekea wao mdomoni, na faida yote inapotea.

Mara moja moja chukua kidole hicho cha boga ukiweke upande wa fizi ambako gego litakuja, si katikati ya ulimi. Ang'ate hapo. Ni mazoezi ya ulimi kwenda pembeni.

Nesi Zamu ya Usiku

Nyongeza fupi kwa wanaosoma kimya. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mhesabie umri kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, na bado angalia dalili kuliko tarehe. Mwenye mdomo sungura au kaakaa lililopasuka, mtindio wa ubongo, misuli iliyolegea, huyo asipandishwe hatua na mitandao, aonwe na daktari wa watoto kwanza.

Na dalili zinazomtoa mtoto yeyote humu na kumpeleka hospitali: anakohoa karibu kila mlo, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kula, maziwa au uji unatokea puani, nimonia za kujirudia, mlo unazidi nusu saa kila siku, uzito haupandi. Akifika miezi 10 na bado anatapika kila bonge licha ya kupandishwa taratibu kama Afisa alivyoeleza, muonyeshe pia.

Usimlazimishe. Kumbana pua au kumshika mikono ili ameze ndiko kunakopeleka chakula kwenye mapafu.

Mama Nuru

Nimewaelewa, chupa nimeitupa. Moja la mwisho, aibu kidogo: leo kwenye nepi nimeona vipande vya karoti na maganda ya maharage vizima vizima. Kwamba hayeyushi?

Mwiko Mrefu

Maganda ya maharage, nyanya na karoti hutoka hivyo hata kwa watu wazima, dada, ni kwamba tu hatuchunguzi. Karoti ipike zaidi na uiponde pamoja na kiazi.

Nesi Zamu ya Usiku

Ni kawaida. Kinachohitaji kuonwa ni kinyesi chenye damu, cheupe, chenye mafuta yanayoelea, au kuharisha mara tatu na zaidi kwa siku. Na ukianza vyakula vizito, mpe maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vichache baada ya mlo, kwani wengi hupata choo kigumu wiki ya kwanza ya kubadilisha. Papai la jioni uliloanza nalo litamsaidia pia.